Picha ya Tatu Kutoka Kushoto

Mama yangu ana daftari la kompyuta. Ni daftari la mistari la kawaida, jalada limechakaa pembeni, na humo ndani ameandika hatua kwa hatua kila kazi anayoifanya kwenye mashine yake. Ukurasa wa barua pepe unasema: “Shusha mshale chini kabisa. Hesabu picha ya tatu kutoka kushoto. Bonyeza mara moja. Subiri.” Neno “subiri” limepigiwa mistari miwili, kwa sababu zamani alikuwa hasubiri, alikuwa anabonyeza mpaka mashine inagoma.

Asubuhi moja akanipigia simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwanangu, kompyuta imeingiliwa.”

“Imeingiliwa na nani?”

“Nitajuaje? Vitu vimehamishwa. Picha ya tatu si barua tena, inafungua duka.”

Hakuna aliyeingia. Mashine ilikuwa imejisasisha usiku, ikaamka na sura mpya. Picha mbili ambazo hakuziomba zilikuwa zimeongezwa kwenye safu ya chini, pembe za madirisha zimeviringwa, rangi zimepauka, na maneno mengine yaliyokuwa yakisomeka vizuri yamegeuzwa vialama. Barua zake zote zilikuwepo. Kilichokufa ni daftari.

Nilitaka kucheka nikajizuia, maana nami ninalo daftari hilohilo, ila langu limeandikwa vidoleni. Ninadhani kila aliyekaa mbele ya kompyuta miaka kadhaa analo. Muulize karani anayefungua faili mia kwa siku kitufe cha kuchapisha kiko wapi, atasita na kutazama dari kama anayetafuta jina la mtu. Mwachie kipanya, mkono utakwenda wenyewe. Elimu ile ilishatoka kichwani ikahamia mkononi, na huko ndiko inakofanya kazi kwa kasi, kwa sababu haimkatishi mtu wazo lake. Anaandika barua akiwaza barua, hawazi vitufe.

Ndiyo maana sura mpya ya mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha kompyuta, huuma kuliko inavyostahili ukiitazama kwa macho tu. Mtengenezaji anasema: tumehamisha kitufe sentimita chache, kuna kelele gani? Kwake kitufe ni kilekile. Kwa mtumiaji, sentimita zile ni kazi ya aina mbili: kujifunza mahali papya, na kabla ya hapo kufuta mahali pa zamani. Hiyo ya pili ndiyo ngumu. Kichwa ukikiambia kinaelewa siku hiyohiyo. Mkono hauambiwi, unaendelea kwenda kulekule wiki nzima, unakuta pengo, unarudi.

Jef Raskin, aliyeuanzisha mradi wa kompyuta ya Macintosh, yaani Mac, ndani ya kampuni ya Apple mwaka 1979, alikuwa na hoja ambayo wabunifu wengi hawaipendi: kwamba kile tunachokisifia kwenye kompyuta kuwa “kinaeleweka chenyewe” mara nyingi ni kile tu kinachofanana na tulichokizoea. Ukiikubali hoja hiyo, na mimi naikubali karibu yote, basi mazoea ya mtumiaji hayawezi kuitwa uvivu wala ushamba. Ni mtaji. Ameuweka kidogo kidogo kwa miaka, kila mbofyo ukiongeza senti. Sura mpya inapokuja, mtaji huo unashushwa thamani usiku mmoja, na hasara haionekani kwenye vitabu vya yeyote. Kampuni haina safu ya kuandika “mikono iliyopotea njia”.

Mahali penyewe pa kitufe pana hesabu yake. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda ambao mkono unatumia kufikia shabaha unategemea umbali wa shabaha hiyo na upana wake. Kwenye skrini jambo hili lina matokeo ya ajabu kidogo. Ukingo wa skrini huuzuia mshale. Unaweza kuusukuma kwa nguvu zako zote, hauvuki. Kwa hiyo kilicho ukingoni ni kikubwa kuliko kinavyoonekana, na kilicho konani ndicho kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa kingo mbili zinakupokea. Huhitaji kulenga, unarusha tu. Menyu za Mac zimekaa ukingo wa juu tangu 1984. Kitufe cha Start cha Windows, mfumo endeshi wa Microsoft, kile kinachofungua menyu ya programu, kikawekwa kona ya chini kushoto mwaka 1995, japo toleo lile la kwanza liliacha upenyo mwembamba kati ya kitufe na ukingo, hivyo aliyesukuma mshale hadi konani kabisa akabofya hakupata kitu. Upenyo wenyewe ni mwembamba kama uzi, lakini uliipokonya kona faida yake yote. Ulizibwa baadaye.

Sasa tazama Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021. Kitufe cha Start kilitolewa konani kikapelekwa katikati ya mwambaa wa chini, kwenye safu moja na aikoni za programu. Ukingo mmoja umepotea, lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba safu iliyopangwa katikati inapanuka pande zote mbili kila unapofungua programu nyingine, kwa hiyo kitufe chenyewe kinasogea. Ukiwa na programu tatu kiko hapa. Ukiwa na nane kiko kule. Mkono unaombwa ujifunze mahali pa kitu ambacho hakina mahali. Kwa bahati nzuri wameweka chaguo la kurudisha safu kushoto, na ukiniuliza jambo la kwanza la kufanya kwenye kompyuta mpya ya aina hiyo, nitakwambia hilo kabla sijajibu salamu.

Lakini mfano unaofundisha kuliko yote ni wa zamani kidogo, nao ni Windows 8. Ilitoka tarehe 26 Oktoba 2012 bila kitufe cha Start, kitufe ambacho watu walikuwa nacho tangu tarehe 24 Agosti 1995. Mtu akiwasha kompyuta alikutana na skrini nzima ya vigae vya rangi, vingine vikijigeuzageuza kwa habari na picha. Kona zilibaki na kazi, ila kazi za siri. Ukisukuma mshale kona ya chini kushoto, unarudi kwenye vigae. Ukiusukuma kona za kulia, unatokea utepe wa alama tano ambao hakuna chochote kwenye skrini kilichodokeza kwamba upo. Kuzima kompyuta kulikuwa hivi: nenda kona ya kulia, subiri utepe utokeze, bofya mipangilio, bofya alama ya umeme, halafu chagua kuzima. Watu waliotumia kompyuta miaka 15 walijikuta wamekaa mbele ya mashine inayowaka, hawajui kuizima, wakaishia kushikilia swichi mpaka kioo kiwe cheusi.

Si kwamba waliobuni walikuwa wajinga. Aprili 2010 iPad iliingia sokoni, na Microsoft ikajiona imeachwa na gari. Ikaamua kutengeneza sura moja itakayofaa kishikwambi na kompyuta ya mezani pamoja. Siku ileile ilipotoa Windows 8 ilitoa pia kishikwambi chake cha kwanza cha Surface. Kwa mtu aliyeshika kioo mkononi, vigae vikubwa na kingo za kutelezesha kidole vina mantiki kabisa. Kwa mtu mwenye kipanya, skrini pana na majedwali manne yaliyofunguliwa kwa pamoja, ni kama kuambiwa ale wali kwa koleo la bustani kwa sababu koleo linafaa sana bustanini. Tatizo lilikuwa la kampuni, nalo lilikuwa la kweli. Gharama ya kulitatua ikapelekwa kwa watu ambao hawakuwa nalo.

Ikazuka biashara ambayo hadi leo nikiikumbuka nacheka: biashara ya kuuza kitufe kilichoondolewa. Programu ya Classic Shell ilikirudisha bure. Start8 ilikirudisha kwa karibu dola 5. Mtu alilipia mfumo mpya, kisha akalipia tena ili ufanane na wa zamani.

Tarehe 17 Oktoba 2013 ikatoka Windows 8.1 na kitufe kikarudi konani, ila ukikibofya kilikupeleka kulekule kwenye vigae. Umerudishiwa kitasa bila mlango. Aprili 2014 skrini ya vigae ikaongezewa kitufe cha kuzimia. Menyu kamili ikasubiri Windows 10, tarehe 29 Julai 2015. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Safari hii marejeo yalichukua miezi 33.

Usidhani ni ugonjwa wa kampuni kubwa peke yake. Kwenye Linux, mfumo endeshi unaotolewa bure, mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa vilio. Aprili ile GNOME 3, toleo jipya la mojawapo ya sura za Linux, ilitoka ikiwa imeondoa hata kitufe cha kushusha dirisha, na Ubuntu, aina moja ya Linux, ikaja na sura yake yenyewe iliyoitwa Unity. Linus Torvalds, mwasisi wa Linux mwenyewe, aliitukana GNOME 3 hadharani akahamia sura nyingine, Xfce. Tofauti ni kwamba huko mlango wa uani uko wazi. Walioipenda GNOME 2 waliichukua misimbo yake wakaiendeleza kwa jina la MATE, na ipo mpaka leo. Torvalds naye alirudi GNOME mwaka 2013, baada ya kupata viongezi vya kuirekebisha ikae anavyotaka. Ubuntu ilisimamisha Unity mwaka 2017. Kuna jambo moja dogo pale ninalolipenda: vitufe vya kufunga na kushusha dirisha, ambavyo Ubuntu ilivihamisha kutoka kulia kwenda kushoto mwaka 2010, vilirudishwa kulia Oktoba 2017. Miaka saba na nusu. Kuna watu walijifunza kushoto kwa uchungu mkubwa, wakazoea, halafu wakaambiwa warudi.

Hadi hapa nimezungumza kama wakili wa wanaolalamika. Sasa niwageukie, kwa sababu nao hawaaminiki sana.

Kitufe cha Start tulichokililia mwaka 2012 nacho kiliwahi kuwa kitu kipya kinachoudhi. Kabla ya 1995 watumiaji wa Windows 3.1 walikuwa na dirisha la makundi ya programu, na wengi walilizoea hasa. Waliobuni Windows 95 waliwakalisha watu mbele ya skrini wakawatazama, wakaona wengi hawajui pa kuanzia. Neno lenyewe “Start” liliandikwa pale kwa sababu hiyo, kumwambia mtu aanzie hapo. Kilikuwa kitu bora kuliko cha zamani, na aliyekikataa kwa kuwa tu hakukizoea alikosea. Nyumba njema si mlango. Kelele za wiki ya kwanza haziwezi kukuambia sura mpya ni nzuri au mbaya, maana wiki ya kwanza kila mabadiliko, mazuri na mabaya, yanatoa kelele zilezile.

Mwili wa binadamu unazoea mambo mazito kuliko menyu. Miaka ya 1890 mwanasaikolojia George Stratton alivaa lenzi zinazopindua dunia juu chini kwa siku 8. Siku za mwanzo hata kujimiminia maji ilikuwa shughuli. Baadaye mikono ikaanza kujiendea. Julai 2011 Apple ilifanya jaribio la namna hiyo kwa mamilioni ya watu bila kuwaomba ridhaa: Mac OS X Lion, toleo jipya la mfumo wa Mac, iligeuza uelekeo wa kusogeza ukurasa. Awali ulivuta vidole chini, na ukurasa ukapanda, kwa sababu ulichokuwa ukikishusha ni dirisha la kutazamia. Lion ikasema unachokishika ni karatasi yenyewe, kama kwenye simu, kwa hiyo ukivuta chini karatasi nayo inashuka. Apple ikauita uelekeo huo kuwa ndio wa asili, jina lililowaudhi watu kuliko kitu chenyewe. Kwa hoja tupu pande zote mbili ziko sawa. Inategemea unadhani umeshika nini. Waliovumilia wiki mbili wengi hawakurudi nyuma. Waliokimbilia mipangilio siku ya kwanza bado wako kule, nao hawajapungukiwa na kitu.

Kwa hiyo mimi malalamiko huyapima kwa kalenda. Yale ya mahali na ya rangi yanakufa yenyewe ndani ya mwezi. Yanayobaki mwezi wa tatu ndiyo ya kusikilizwa, na ukiyachunguza utakuta karibu kila mara yanahusu kitu kilichoondolewa, si kilichohamishwa. Windows 11 ni ushahidi mzuri, kwa kuwa mwambaa wake wa chini uliandikwa upya, na katika kuandika upya baadhi ya uwezo uliachwa nje. Hukuweza kuburuta faili ukaliangusha juu ya aikoni ya programu. Uwezo huo ukarudi mwaka 2022. Hukuweza kuona kila dirisha na jina lake mwambaani. Ukarudi mwaka 2023. Kwenye menyu ya kubofya kulia, maneno ya kukata, kunakili na kubandika yaligeuzwa vialama visivyo na neno, juu kabisa, vidogo. Kwenye toleo la 2024 maneno yakaandikwa tena chini ya vialama. Hakuna kati ya hayo ambalo watu “walilizoea”. Huwezi kuzoea kutokuwa na nyundo. Unajifunza tu kupigilia misumari kwa jiwe, na kila msumari unakukumbusha.

Kuna aina ya tatu nayo ni ya macho. Septemba 2025 Apple ilivisha mifumo yake yote sura moja iliyoiita Liquid Glass: vitufe na menyu vinavyopitisha mwanga kama kioo, ukiona kilicho nyuma yake kikipindapinda. Ni kazi ya ufundi mkubwa, sibishi. Kipya kinyemi. Lakini maandishi meupe juu ya kioo kilicho juu ya picha yenye mawingu hayasomeki, na kutosomeka hakuzoeleki. Jicho la mwezi wa sita halina nguvu kuliko jicho la siku ya kwanza. Haukupita muda, toleo la 26.1 la mifumo hiyo likaongeza chaguo la kukitia kioo hicho rangi kiwe kizito zaidi. Ukisoma historia ya sura mpya utaliona jambo hili likijirudia: chaguo lililokosekana siku ya uzinduzi linaongezwa kimyakimya miezi michache baadaye. Kama kazi yako inakuruhusu, chelewa. Acha wengine wapokee toleo la kwanza, wewe pokea la pili.

Kuchelewa, ndiyo; kukataa kabisa ni jambo jingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10, maana yake masahihisho ya usalama ya bure, yale yanayoziba mianya ya wezi, hayaji tena kama zamani. Sura na kufuli vimefungwa kwenye mzigo mmoja. Unataka kufuli jipya, chukua na rangi mpya ya ukuta. Hapa ndipo ninapoona dhuluma halisi ya jambo zima, kuliko kwenye kitufe chochote: mtu angeweza kuendelea kupata kufuli peke yake, si kwa muda mfupi wa nyongeza tu.

Basi mtu afanyeje? Ushauri unaotolewa kila mara ni “vumilia, utazoea”, na nimeshasema ni nusu kweli. Ushauri wangu ni kupunguza kile kinachoweza kuibiwa. Mkono unaokumbuka mahali uko mikononi mwa anayepanga mahali. Kuna kumbukumbu nyingine mbili ambazo wabunifu hawazigusi kirahisi: herufi za kibodi, na majina ya vitu.

Chukua kunakili na kubandika. Mtaalamu wa kompyuta Larry Tesler na wenzake waliyafanyia kazi mawazo hayo kwenye maabara ya Xerox PARC miaka ya 1970. Kompyuta ya Lisa ya Apple, mwaka 1983, ikayapa herufi X, C na V, zilizokaa jirani upande wa kushoto wa kibodi pamoja na Z ya kutengua. Tangu hapo skrini zimegeuka rangi, zikapata kivuli, zikapoteza kivuli, zikawa kioo. Herufi ziko palepale. Katika Windows, Alt na F4 bado inafunga programu, Alt na Tab bado inakupeleka kwenye dirisha jingine. Hata ile menyu ya kubofya kulia iliyopunguzwa, ukibonyeza Shift na F10 inakuja ile ya zamani na maneno yake yote. Mbunifu anaogopa kugusa kibodi kwa sababu anayejua njia za mkato ni mtu anayefanya kazi nzito, na mtu huyo ana sauti kubwa.

La pili lina nguvu zaidi. Tangu Windows Vista, mwaka 2007, unabonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, unaandika herufi chache za jina la unachokitaka, unabonyeza Enta. Kwenye Mac ni Command na nafasi tangu 2005. Kwenye GNOME 3 ile iliyotukanwa ni vilevile, kitufe kimoja halafu jina. Mifumo mitatu isiyokubaliana hata kitufe cha kufungia dirisha kikae upande gani inakubaliana hapa. Na angalia jambo hili: kwenye Windows 8, ile iliyowafanya watu washindwe kuzima mashine zao, kubonyeza kitufe na kuandika jina la programu kulifanya kazi karibu vilevile kama kwenye toleo lililotangulia. Aliyekuwa na mazoea hayo aliviona vigae kwa sekunde moja, vikapita. Dhoruba ile ilimpiga zaidi yule aliyejua kompyuta kwa kona.

Njia hii ina kasoro zake. Majina nayo hubadilishwa, na mipangilio ya Windows ina nyumba mbili tangu 2012, ile ya zamani ya Control Panel na ile mpya, na kwa baadhi ya mambo bado unatumwa kutoka moja kwenda nyingine kama mtu anayefuatilia cheti. Sanduku la kutafutia nalo limeanza kuchanganya programu zako na matokeo ya intaneti, kwa hiyo unaandika jina la kikokotoo unaletewa matangazo ya habari. Tena jina linamsaidia anayelijua. Menyu ina fadhila ambayo kibodi haina: inamwonyesha mgeni vilivyopo. Mtu asiyejua kwamba kompyuta inaweza kupiga picha ya skrini hawezi kutafuta kwa jina kitu asichojua kama kipo. Ndiyo maana siwezi kuungana na wale mabingwa wa kibodi wanaowacheka watumiaji wa kipanya. Menyu ni shule, na anayeivuruga shule kila baada ya miaka mitatu asishangae wanafunzi wakibaki darasa la kwanza.

Nilikwenda kwa mama na tukaandika upya daftari. Nilitaka kuanza na ukurasa mpya wa kuhesabu picha, picha ya tano sasa, kalamu ikanigomea mkononi. Mwaka kesho itakuwa ya ngapi? Nikamwonyesha kitufe kimoja kwenye kibodi. Tukakibandikia kipande cha plasta ili akione haraka. Nikamwambia abonyeze, aandike b-a-r.

“Niandike wapi? Hakuna sanduku.”

“Andika tu, mama.”

Akaandika kwa kidole kimoja, akitazama kibodi. Alipoinua macho barua ilikuwa juu kabisa ya orodha. Akanitazama mimi, akaitazama mashine. “Kumbe inasikia,” akasema, na ndivyo alivyoandika kwenye daftari, kwa maneno yake, maana yangu aliyakataa: “Bonyeza plasta. Itaje kwa jina. Subiri.” Kurasa za zamani hakuzichana. Alizipiga mstari mmoja wa kulala na kuandika tarehe juu yake.

Majuzi mashine yangu ilijisasisha, na aikoni zikahama tena. Nilikaa na simu mezani siku nzima nikisubiri ilie. Jioni nikapiga mwenyewe, nikamuuliza kompyuta inaendeleaje. Akasema inaendelea vizuri tu, ila wameibadilisha rangi na ya sasa haipendi.